Daftari la wiki: usiku wa doria Tunduma

Anayepanda gari la doria Tunduma kwa mara ya kwanza hupokewa na baridi. Mji huu wa mpakani na Zambia uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni upepo wa usiku unapenya hata koti la askari. Huko nyuma ya difenda askari wameketi wakipeana migongo, macho nje, kila mmoja na upande wake wa barabara. Mgeni hubanwa katikati, na asipojua pa kushika atajua kwenye tuta la kwanza.

Kinachofuata kumshangaza ni mwendo. Sinema zimemzoesha ving'ora na mbio. Hapa gari linatambaa. Barabara ya Tanzania na Zambia imejaa malori ya Lusaka, Ndola na Lubumbashi, na siku foleni ikikaza mkia wake hupita Chapwa na Mpemba ukarudi nyuma kuelekea Vwawa. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, mji wa upande wa Zambia, kilizinduliwa Oktoba 5, 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu, kusudi dereva akaguliwe mara moja badala ya mbili. Nafuu imekuwepo, lakini mtandao ukikwama au nyaraka zikipungua, foleni inarudi palepale.

Na foleni hiyo ni mtaa. Dereva analala kwenye kabini, utingo anabandika ugali pembeni ya tela, mama lishe anapita na chupa ya chai, wabadilisha fedha wanahesabu kwacha kwa mwanga wa simu. Sehemu kubwa ya doria huishia hapa. Betri inafunguliwa wakati mwenyewe amesinzia, turubai linachanwa kwa wembe, dizeli inanyonywa kwenye tangi. Askari mzoefu hamuliki kabini. Anainama na kumulika chini ya tela, kwenye matairi, aone kama kuna miguu isiyo ya utingo.

* * *

Mpaka wenyewe ulichorwa Ulaya mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili, na wako hivyo hadi leo: shangazi Nakonde, mpwa Tunduma, msiba mmoja. Katikati ya mji hakuna mto wala ukuta. Kuna nyumba, vichochoro na njia za panya zinazopitisha sukari, mafuta ya kula, vitenge na watu.

Kwa askari wa doria maana yake ni hii: mwizi wa simu akikimbia dakika mbili yuko nchi nyingine. Anayemfukuza inambidi asimame. Mgeni aliye garini anaweza kudhani askari amekata tamaa, kumbe ndivyo sheria inavyomtaka. Akivuka na silaha amegeuka yeye kuwa mhalifu. Kilichobaki ni simu kwa wenzake wa Zambia. Wakuu wa polisi wa nchi za kusini mwa Afrika wana umoja wao, SARPCCO, tangu 1995, na Tanzania imo, lakini ushirikiano wa ngazi hiyo ni wa magari ya wizi na magenge. Kwa simu ya mama muuza nyanya, kinachosaidia ni askari wa huku kumfahamu askari wa kule na kuwa na namba yake.

* * *

Jambo moja la barabara hii halistahili kupitwa haraka. Vijana wa Ethiopia wanaosaka maisha Afrika Kusini hupitishwa Tanzania kwa malori yaliyofungwa, na Tunduma ni mlango mmojawapo wa kutokea. Juni 2012 miili zaidi ya 40 ilikutwa imetupwa Chitego, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Walikosa hewa ndani ya lori. Machi 2020 wenzao 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena mkoani Tete, Msumbiji. Desemba 2022 miili 27 ilikutwa Ngwerere, pembezoni mwa Lusaka, na mmoja aliyekuwa bado anapumua. Safari ni ileile.

Ndiyo maana askari anayegonga bodi ya lori kwa kiganja na kutega sikio anafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Lakiri nzima haithibitishi kitu. Harufu, matone ya maji chini ya sakafu na dereva anayejibu kabla hajaulizwa huweza kusema zaidi. Wanaopatikana huitwa wahamiaji haramu na kukabidhiwa Uhamiaji, na sheria ifuate mkondo wake. Lakini mlango ule ukifunguliwa, cha kwanza ni maji na hewa, maelezo baadaye. Anayestahili kusakwa kwa nguvu zote ni aliyepokea fedha zao akawafungia kwa nje.

* * *

Mambo mengine ya usiku hayafanani na ujambazi kabisa. Mlevi amelala barabarani. Bodaboda wawili wamegongana, na kila mmoja anataka mwenzake aandikwe kwanza. "Afande, shikamoo, mtoto wangu hajarudi tangu magharibi." Kaunta ya kituo inapokea yote: hapa mtu anapewa namba ya taarifa (RB) ya simu iliyopotea, pale majeruhi anaandikiwa fomu ya polisi (PF3) aende nayo hospitali. Mwanamke aliyepigwa na mumewe anapaswa kupelekwa dawati la jinsia na watoto, mahali pa faragha. Akisimulia masaibu yake mbele ya foleni ya wanaume kaunta, nusu ya maneno atayameza. Na aliyekamatwa usiku huo ana saa 24 za kufikishwa mahakamani, saa ambazo ndugu zake wana haki ya kuzihesabu.

* * *

Kuanzia Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya miongo karibu mitatu ya katazo. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo abiria wanashushwa saa za ajabu, wana mabegi na hawaujui mji. Lindo la stendi halina tena saa ya kupumzika.

* * *

Na je, gari kuzunguka tu linapunguza uhalifu? Mwaka 1972 na 1973 polisi wa Kansas City, Marekani, walifanya jaribio: maeneo mengine yaliongezewa magari ya doria, mengine yakaondolewa doria ya kawaida, mengine yakaachwa kama yalivyo. Uhalifu haukuonyesha tofauti ya maana, na wananchi wengi hawakung'amua kwamba kuna kilichobadilika. Miaka michache baadaye, polisi wa Newark, nchini humohumo, walijaribu doria ya askari wa miguu. Uhalifu haukushuka sana, lakini watu waliona mabadiliko na woga ukapungua.

Tanzania nayo inaijua njia hiyo ya askari kuwa karibu na watu. Polisi jamii ilipewa msukumo enzi za Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeteuliwa 2006, na miaka ya karibuni wakaguzi wa polisi wamepangwa kwenye kata. Tunduma inawahitaji kuliko miji mingi. Aprili 2013, mzozo wa nani achinje kitoweo ulipogeuka vurugu za Wakristo na Waislamu, mji ulikuwa bado chini ya mkoa wa Mbeya, wenye makao yake mwendo wa kilomita 100 hivi. Mkoa wa Songwe, ambamo Tunduma imo sasa, ulianzishwa 2016. Mzozo wa aina ile haulipuki asubuhi moja. Huanza na maneno buchani na kwenye vijiwe, mahali ambapo difenda hupita tu na mkaguzi wa kata huketi.

Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Samia Suluhu Hassan Julai 2023, na ilipendekeza Jeshi la Polisi ligeuzwe chombo cha kutoa huduma. Kwa Tunduma pendekezo hilo lina bei inayojulikana: pikipiki moja kwa kila mkaguzi wa kata, mafuta yasiyotegemea mchango wa wafanyabiashara, simu yenye salio, na amri ya kumwacha mtu kwenye kata moja muda wa kutosha ili wenye nyumba za Kaloleni na Maporomoko wamfahamu kwa jina, kabla hajahamishwa.