Mwalimu wa Kompyuta Mtafuteni Hapo Hapo Sugoi

Dallas, Texas

Wazazi wangu, dada zangu, kaka zangu, na vijana wote wa Sugoi,

  

Nawaandikia kwa sababu ya ujumbe wa sauti niliotumiwa na dada yangu mkubwa shule zilipofungwa mwezi wa nne. Binti yake yuko Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa, amechagua somo la Kompyuta, na ripoti imekuja na alama ya D. "Tunamtafutia mtu wa kumfundisha," alisema, "na wataalamu wako huko kwenu." Tangu siku hiyo nimepata maombi ya namna hiyo kutoka nyumba nyingine kadhaa pale kwetu. Wengine wanataka pesa za tuisheni, wengine wanataka mimi mwenyewe nifundishe kwa simu. Nimeona niwajibu nyote kwa pamoja, kwa sababu jibu nililo nalo sasa si lile ningewapa mwezi wa nne.

Kazi yangu ni kukagua programu za hospitali kabla hazijaanza kutumika. Ninatafuta makosa siku nzima. Basi nilipomsikia dada, nilijiambia mwalimu ameshapatikana, ni mimi. Tulipanga Jumamosi saa kumi jioni ya Sugoi, ambayo kwangu ni saa mbili asubuhi. Jumamosi ya kwanza bando liliisha tukiwa hatujafika popote. Ya pili stima ilipotea. Ya tatu kila kitu kilikuwa sawa, na ndiyo iliyonivunja moyo zaidi. Nilimweleza mpwa wangu mfumo wa namba wa sifuri na moja kwa saa nzima, na kila nilipotua akajibu, "Ndiyo, mjomba." Mwishoni nikamwomba aandike 13 kwa mfumo huo. Kimya. Penseli yake ilikuwa imesimama tangu dakika ya kwanza, na mimi nilikuwa mbali mno kuiona.

Kosa langu la pili lilikuwa la pesa. Nilituma shilingi elfu sita kwa kijana mmoja wa saiba, duka la intaneti la mjini, amfundishe. Baada ya wiki mbili nikaletewa kazi nzuri ajabu: hifadhidata ya duka, fomu zenye rangi, ripoti zinazojumlisha zenyewe. Nikamwambia mpwa wangu aongeze safu moja tu ya namba ya simu ya mteja. Hakujua hata pa kubofya. Kazi yote ilifanywa na mikono ya mtu mwingine.

Hapa nataka tusemezane wazi, maana jambo hili linawahusu wengi. Mtihani wa Kompyuta wa KCSE, ule wa mwisho wa sekondari, una karatasi tatu. Ya kwanza ni nadharia, ya pili ni vitendo mbele ya mashine, ya tatu ni mradi ambao mwanafunzi wa Kidato cha Nne huujenga shuleni kwa muda mrefu akifuata maelekezo ya KNEC, baraza la mitihani la taifa. Huo mradi ndio unaonunuliwa. Mzazi analipa, kijana wa mjini anautengeneza, mtoto anaandika jina lake juu. Nawasihi, msimnunulie mtoto mradi. Ni udanganyifu wa mtihani, na isitoshe mtoto anaingia kwenye karatasi ya vitendo peke yake, bila yule mliyemlipa. Akifika chuoni ni hivyo hivyo. Nimefanya kazi na vijana waliopita hivyo hadi wakaajiriwa, na nimewaona wakikaa mbele ya kosa dogo siku mbili nzima, wakiona aibu kuuliza.

Mwalimu wa kweli alipatikana kanisani. Baada ya ibada mama yangu alisimama akatangaza kwamba mjukuu wake anatafuta mtu wa kumsaidia masomo ya kompyuta. Mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto akasema, mbona binti yangu anasomea hayo Chuo Kikuu cha Eldoret? Chuo kile ambacho wazee bado wanakiita Chepkoilel, kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi hadi kilipojitegemea mwaka 2013. Binti huyo hurudi nyumbani kwa matatu Ijumaa nyingi. Tumekuwa tukipita mbele ya lango lao miaka yote, na mimi niko Texas nikitafuta mwalimu kwenye simu.

Siku ya kwanza binti huyo hakuwasha mashine. Alimpeleka mpwa wangu ghalani, kwenye mahindi ambayo hayajapukuchuliwa, wakapanga mafungu matano sakafuni: hindi 1, mahindi 2, mahindi 4, mahindi 8, mahindi 16. Sharti ni moja: fungu ama unalichukua lote, ama unaliacha lote. Nipe mahindi 13. Msichana akachukua la 8, akabakiwa na deni la 5, akachukua la 4, akamalizia na la 1. Akaambiwa aweke alama ya 1 chini ya kila fungu alilochukua na 0 chini ya aliloacha, akianzia fungu kubwa. Ikasomeka 01101. Ni kile kile nilichokihubiri kwa saa nzima, kimeeleweka kabla chai haijachemka. Kisha akamwuliza, ukichukua yote ni ngapi? Ni 31. Na nikitaka 32? Mpwa wangu hakujibu kwa mdomo. Alirudi kwenye lundo akaanza kuhesabu mahindi ya fungu la sita.

Wiki chache baadaye ndipo wakaingia kwenye Visual Basic, lugha ya programu ambayo shule zetu nyingi huitumia kufundishia. Wakaandika programu ndogo ya maziwa ya nyumbani: unaingiza lita za asubuhi, unaingiza za jioni, inakupa jumla. Asubuhi 12, jioni 9. Mashine ikajibu 129. Kogo, yaani nyanya yake, alikuwa amekaa pale akichambua mboga, akauliza ni ng'ombe gani huyo wa kutoa maziwa hayo. Kijana wa saiba angelirekebisha kosa lile kwa sekunde tatu na kuendelea. Huyu binti alinyamaza, kisha akauliza, "Unadhani mashine inaiona hiyo 12 kuwa nini?" Wakakaa na swali hilo karibu nusu saa. Mpwa wangu akajaribu 5 na 5, akapata 55. Akajaribu jina lake na jina la ng'ombe, yakabandikana. Hapo akapiga kelele: inaona maandishi! Kumbe kilichoandikwa ndani ya kisanduku ni herufi mpaka uiambie mashine kwamba hiyo ni namba, na neno la kuiambia ni Val. Hilo hatalisahau maishani, kwa sababu alilifikia mwenyewe.

Nimewasimulia kwa kirefu ili mjue mnatafuta mtu wa aina gani. Msiulize kwanza ana cheti gani. Kaeni karibu somo la kwanza, hata kama hamwelewi neno, mwangalie vidole vya nani viko kwenye kibodi. Vikiwa vya mwalimu muda wote, mshukuruni, mlipeni saa hiyo, mtafute mwingine. Tena somo la kwanza halihitaji laptopu. Hatua za kutatua tatizo na chati ya mtiririko huandikwa kwa penseli, na mtihani wenyewe huziuliza kwenye karatasi.

Mtasema, mtoto wa jirani atamfundisha nani? Kumbukeni ya majirani zetu wa Nandi. Patrick Sang alisoma Chuo Kikuu cha Texas, si mbali sana na hapa nilipo, akapata medali ya fedha ya Olimpiki huko Barcelona mwaka 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji, kisha akarudi nyumbani. Kijana wa Kapsisiywa aliyekuwa jirani yake akamwendea kumwomba ratiba ya mazoezi. Akaifanya, akarudi kuomba nyingine. Kijana huyo ni Eliud Kipchoge, na mwaka 2003 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 huko Paris. Sang hakukimbia hata hatua moja kwa niaba yake. Alimwandikia la kufanya, akamsubiri arudi. Mimi kila nikiifikiria habari ile, ninachokiona ni yule kijana akitembea kwenda kwa jirani kuomba.

Sasa habari ya pesa. Sisi wa Uasin Gishu tuna jeraha. Wazazi waliolipia masomo ya Finland na Kanada kupitia mpango wa kaunti, kisha mwaka 2023 wakajikuta wakiandamana Eldoret kudai pesa zao, hawahitaji mtu wa ughaibuni kuwaambia kwamba elimu inaweza kugeuzwa mtego. Basi msilipe muhula mzima kwa mkupuo. Lipeni kwa saa, baada ya saa. Lakini lipeni! Naona aibu kusikia watu wakisema huyu ni mtoto wetu, tutampa chai. Trekta mnalilipa kwa ekari bila kunung'unika, daktari wa ng'ombe mnamlipa hata ng'ombe akifa. Binti huyu anadaiwa karo kama mwingine yeyote. Mkikubaliana iwe mahindi au maziwa, sawa, ila iwe mmekubaliana mapema.

Na usalama. Somo liwe sebuleni, mchana, mlango wazi, mtu mzima akiwepo. Iwe ni mvulana au msichana anayefundisha, mnamjua au hammjui, utaratibu uwe huo huo. Kama ni mgeni, mwombeni kitambulisho na cheti cha maadili mema cha idara ya upelelezi, DCI, kinachoombwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Mwalimu mwema hatakasirika. Mwalimu wa shuleni pia aambiwe kwamba mtoto anasaidiwa nyumbani, na aulizwe mada gani zinamlemea. Yeye ndiye anayemwona kila siku.

Kuna jambo linanikera tangu zamani. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vifaa vya kidijitali katika shule za msingi, na Chuo Kikuu cha Moi, cha kwetu kabisa, kilikuwa mmoja wa washirika pamoja na kampuni ya Ureno ya JP Sá Couto. Tulifurahi mashine zimekuja. Hatukuuliza nani atakaa kando ya mtoto mashine ikimjibu 129. Mimi mwenyewe nimekuwa nikifanya vile vile, natuma laptopu kuukuu kila msafiri anapokuja, nikidhani nimesomesha. Hata mtaala ukibadilika, hitaji ni lile lile: mpwa wangu yuko katika kundi la mwisho la mtaala wa 8-4-4, watakaofanya KCSE mwaka 2027. Mdogo wake ameingia Gredi ya 10 Januari 2026 pamoja na kundi la kwanza la mtaala mpya wa CBC, na amechagua mkondo wa sayansi na teknolojia. Nyumba moja, mitaala miwili, na wote wawili wanamhitaji mtu yule yule wa kukaa nao.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kwenye chama, kwenye baraza, baada ya ibada, ulizeni kila nyumba ni nani ana mtoto anayesoma kompyuta pale Eldoret, Moi au kwenye Politekniki ya Kitaifa ya Eldoret, na anarudi nyumbani lini. Andikeni majina kwenye daftari moja, likae dukani. Mimi na wenzangu wachache wa huku tumekubaliana kulipia saa za watoto watano ambao wazazi wao hawawezi, kuanzia muhula ujao. Dada yangu ndiye atakayepokea pesa na kuwaonyesha hesabu.

Jumamosi hii nina miadi saa mbili asubuhi ya kwangu. Mpwa wangu anataka programu ya maziwa ikatae mtu akiingiza lita 300 za ng'ombe mmoja, na bado haijakataa. Ameshanionya: nikipiga simu nisikilize tu, nisimwambie jibu.

Ndimi wenu,
mwana wa Sugoi