Hilo Zulia Lako si la Kiajemi, na Aliyekudanganya ni Mimi

Wasee, wacha nikiri mapema kabla hamjaniumbua kwenye komenti. Mwaka jana nililipwa 15,000 kuposti video tatu za duka moja la mazulia hapa Nairobi. Nikalala juu ya zulia jekundu, nikapitisha mkono polepole hivi, nikasema kwa ile sauti yangu ya matangazo: "Zulia la Kiajemi orijino, sufu tupu, 32,000 pekee."

Nani aliniambia ni la Kiajemi? Mwenye duka. Mimi nilimuuliza chochote? Sikuuliza. Nilikuwa nadaiwa kodi ya keja.

Mwezi wa saba, ile baridi ya kuingia kwa mifupa, nikapata meseji ya dada mmoja wa Limuru. Alimnunulia mathe wake lile zulia, akalipa kidogo kidogo miezi minne. Sasa mathe akaingiza jiko sebuleni (na tafadhali mkifanya hivyo fungueni dirisha, moshi wa makaa huua), kaa moja likaruka likaangukia zulia. Kwa picha aliyonitumia kulikuwa na kitundu cheusi, kingo zake zimeyeyuka zikaganda ngumu kama kofia ya kalamu uliyoichoma na kiberiti. Chini aliandika tu: "Bro, kwani sufu huyeyuka?"

Sufu haiyeyuki. Sufu ni nywele za kondoo. Ukiichoma inanuka nywele zilizoungua, moto unajizima haraka, na unabaki na jivu unaloweza kulisaga kwa vidole. Kinachoyeyuka na kuganda ni poliesta ama polipropilini, yaani plastiki. Huyo dada alilipa 32,000 akamnunulia mamake jerikeni iliyochorwa maua.

Sasa kuna watu wataniambia, "Buda, relax, ni jina tu, kila mtu anajua si la Iran." Hapana. Huyo dada hakujua. Na mimi niliyelitangaza sikujua, na nina wafuasi kuliko mwalimu wangu yeyote wa chuo. Tukiacha uongo upite kwa sababu "kila mtu anajua", wanaolipia ni wale ambao hawakujua.

Kiajemi maana yake ni kitu cha Iran. Si muundo, si rangi nyekundu na duara katikati. Ni zulia lililofungwa fundo kwa fundo huko Tabriz, Kashan, Isfahan, Qom, Kerman, Nain, ama na wafugaji wa mkoa wa Fars. Mwaka 2010 UNESCO iliweka ufundi wa Fars na wa Kashan kwenye orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika. Afghanistan, Uturuki, Pakistan na India pia wanafuma kwa mkono, na mengine ni mazuri sana, lakini hayo yana majina yake. Na yale yanayojaa madukani kwetu kwa jina la "Kiajemi", mengi ni ya mashine. Mji wa Gaziantep, Uturuki, una viwanda vya mazulia ya mashine vinavyouzia dunia nzima. Hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale lebo inapobadilishwa.

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hesabu hii naiweza. Chukua zulia la kawaida zuri la mkono, mita 2 kwa 3, lenye mafundo 300,000 kwa kila mita mraba. Jumla ni mafundo 1,800,000. Mfumaji mzoefu akifunga 8,000 kwa siku, hiyo ni siku 225 za kazi. Akipumzika siku moja kwa wiki ni kama miezi tisa. Sasa gawanya 32,000 kwa 225. Unapata shilingi 142 kwa siku. Hizo ni chapo mbili na madondo, na bado hujalipa sufu, rangi, meli, ushuru, wala kodi ya duka. Kwa hivyo ukiona zulia jipya la ukubwa huo kwa bei hiyo na mtu anaapa ni la mkono, kuna mawili. Ama anadanganya, ama kuna mtu mahali fulani amefanyishwa kazi bure, na wakati mwingine mtu huyo huwa mtoto. Ndiyo maana Kailash Satyarthi wa India alianzisha lebo ya RugMark mwaka 1994, ambayo siku hizi inaitwa GoodWeave, ya kuthibitisha kwamba zulia halikufumwa na watoto. Miaka ishirini baadaye akapata Nobel ya Amani. Hii vita si ya matajiri wanaopenda kapeti.

Na kama bado unaona ni mambo ya mbali, fikiria kiondo. Fikiria mashine mahali fulani inatema viondo vya plastiki, elfu kwa siku, vinaandikwa "Kiondo orijino cha Ukambani", halafu kijana wa huko na simu nzuri anavitangaza akicheka. Mama wa Machakos aliyekaa na mkonge wake wiki mbili anaambiwa bei yake ni wizi. Ungeandika uzi wa matusi mpaka saa nane usiku. Mama wa kijiji cha Iran naye ana hasira hiyo hiyo, na shida juu yake: Marekani, iliyokuwa soko kubwa, ilifunga mlango kwa mazulia ya Iran mwaka 1987, ikafungua 2000, ikafunga 2010, ikafungua 2016, ikafunga tena 2018. Halafu sisi huku tunamuibia na jina.

Na si kwamba Pwani yetu haikuwahi kuyajua. Majahazi ya Ghuba yalikuwa yanakuja Mombasa na kaskazi yakiwa na tende, samaki wa chumvi na mazulia, yanarudi na kusi yamebeba boriti. Mzee mmoja wa Mji wa Kale nilimuonyesha video yangu. Hakuitazama hata sekunde kumi. Akauliza, "Mbona hukuligeuza?"

Nikamwambia, niligeuze nini?

"Mgongo, mwanangu. Zulia husemwa na mgongo wake."

Basi geuza. La mkono, picha ya juu inaonekana nyuma karibu vilevile, na mafundo hayalingani kama yamepigwa rula. Utaona mstari umepinda hapa, rangi imebadilika kidogo pale. Nyuma kukiwa na gundi na kitambaa kigumu kimebandikwa, hata usiendelee. Kisha tazama matamvua. Kwa zulia halisi yale si mapambo, ni miisho ya nyuzi za mtande zilizobeba zulia lote. Yakiwa yameshonewa pembeni kama lesi ya pazia, uliza kwa nini. Matamvua huchakaa na hubadilishwa, kwa hivyo hiyo peke yake si hukumu. Halafu omba kauzi kamoja ukachome nje. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu. Na yule anayekwambia zulia ni "uwekezaji", muulize kama atalinunua kwako mwaka ujao kwa bei ile ile.

Sasa, karwosh. Sina ubaya na vijana wa karwosh, wengine ni marafiki zangu. Lakini ile pampu, ile brashi ngumu, ule unga wa sabuni na kifuniko cha Jik "kwa sababu limekaa sana", vinafaa plastiki. Zulia la sufu ukiliwekea Jik umeliua, klorini hula sufu yenyewe. Maji moto nayo hufanya rangi zitoke, nyekundu ikaingia kwa nyeupe, na kuirudisha ni kazi ngumu. Kisha linaanikwa kwa ukuta, linarudishwa nyumbani likiwa na unyevu ndani, na uzi wa pamba ulio chini unaoza polepole ukidhani liko sawa. La mkono huoshwa likiwa limelazwa, kwa maji baridi na sabuni laini, baada ya kupangusa kona na kitambaa cheupe chenye maji kuona kama rangi inatoka. Na halihitaji kuoshwa kila Krismasi. Likung'utwe vumbi, ligeuzwe upande mara moja ama mbili kwa mwaka, na usiliache miaka chini ya kitanda, kwa sababu nondo hupenda giza na utulivu, na watoto wao hula sufu. Chai ikimwagika, bonyeza na kitambaa kikavu. Usisugue!

Jumba la V&A kule London lina zulia la Ardabil, lililofumwa karibu mwaka 1540, na taa zake huwashwa dakika kumi tu kila nusu saa ili rangi zisififie. Wewe lako limekaa mkabala na dirisha la balkoni tangu uhamie.

Najua komenti ya kwanza itakuwa "si kila mtu ana pesa ya Iran, acha kudharau watu." Mimi mwenyewe sina. Kwa keja yangu kuna zulia la poliesta la 4,500 na mkeka wa ukindu kutoka kwa shangazi yangu Malindi. La poliesta nalipenda, nalimwagia uji, nalisugua, maisha yanaendelea. Muuzaji aliniambia, "Hii ni plastiki, kijana, lakini ni ngumu." Nikalipa. Plastiki iuzwe kama plastiki, kwa bei ya plastiki, hapo sina kesi na mtu.

Zile video tatu nimezifuta. Mwenye duka amenipigia mara mbili akitaka kujua kwa nini, mara ya pili kwa sauti ya kutisha kidogo. Yeye amekataa kumrudishia dada wa Limuru hata shilingi, akisema "bidhaa ikiungua si jukumu letu." Kwa hivyo ile 15,000 yangu ndiyo ninamtumia, kidogo kidogo, vile yeye alivyolipa. Imebaki 6,500. Na wewe kama ulinunua kwa sababu yangu, geuza hiyo zulia leo, piga picha ya mgongo, unitumie.