Uvumilivu Hauji kwa Mkesha Mmoja

Kwenye mikesha ya feloshipu hapa chuoni kuna ombi ambalo halikosekani: "Bwana, nipe uvumilivu." Na tunautaka usiku huohuo, kabla ya kipindi cha saa mbili asubuhi. Mimi mwenyewe nimeuomba hivyo mara nyingi, tena kwa sauti kubwa.

Tuambiane ukweli, wana. Paulo anapotaja karama katika 1 Wakorintho 12, uvumilivu haumo. Ameuweka Wagalatia 5, kwenye tunda la Roho. Karama unaweza kupewa leo. Tunda lina msimu wake.

Nimekulia Nkoma, Simiyu, kwenye pamba. Mbegu inaingia ardhini Novemba au Desemba, kuuza ni kuanzia Mei. Katikati hapo hakuna anayekaa kivulini akisema anamngoja Mungu. Kuna palizi, kuna kupulizia dawa, kuna kupunguzia miche, kazi niliyoichukia utotoni kwa sababu mama alikuwa anang'oa hata miche mizima ili shimoni ibaki miwili tu. Wakati wa kuchuma unasubiri kwanza umande ukauke. Wapo wasiosubiri, tena wengine huimwagia maji makusudi ili ivute mizani. Na hao Jumapili utawakuta kanisani. Yakobo, alipomtolea mfano mkulima katika sura ya 5, nadhani alijua anachosema.

Mwaka jana nilikwenda TP. Darasani kulikuwa na kijana wa kidato cha kwanza ambaye hesabu za sehemu zilimgomea kabisa. Aliponyoosha mkono mara ya tatu kuuliza swali lilelile, nilimwambia mbele ya wenzake akae, anatuchelewesha. Darasa likacheka. Hakuuliza tena hadi naondoka. Na wiki moja tu kabla ya hapo nilikuwa nimeomba uvumilivu mpaka sauti ikakauka. Nadhani yule kijana ndiye aliyekuwa jibu.

Sipingi mikesha, Ijumaa nitakuwepo. Ila viongozi wetu waache kutuahidi kukomaa kiroho kwa usiku mmoja, maana anayeamka asubuhi bado ana hasira zake anajiona hana wokovu, na wengine wameshaacha kuja kwa sababu hiyohiyo.

Mwezi ujao naenda TP ya pili. Nimeomba nipangiwe tena hesabu, kidato cha kwanza.