Rangi ya kauri kwenye bunduki: kazi iko kwenye kuosha

Haya wasomaji, leo tuweke programu na tarakilishi kando kidogo. Nimekuwa nikifuatilia jinsi wawindaji wa Marekani wanavyopaka bunduki zao rangi ya kauri wenyewe, nyumbani. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo msiniletee oda! Mimi nimevutiwa na teknolojia yenyewe.

Jina linalotajwa sana ni Cerakote, bidhaa ya kampuni ya NIC Industries ya jimbo la Oregon. Zamani mtutu ulitiwa weusi wa kibuluu kwa kuigeuza ngozi ya juu ya chuma kuwa oksidi. Unapendeza, lakini usipoupaka mafuta, mvua ikiupiga kutu inaingia. Hii mpya ni resini yenye kauri ndani yake, unene wake kama mikroni 25 tu.

Sasa maoni yangu. Watu hubishana sana kuhusu rangi: kijani au kahawia? Wanapoteza wakati. Kinachoamua ni maandalizi. Kwanza hakikisha haina risasi, hata kama una hakika haina. Ifungue yote, darubini na springi kando. Osha chuma kwa asetoni, kisha kipashe joto la nyuzi 150 hivi kwa saa nzima. Utashangaa... mafuta yaliyojificha kwenye nyufa yanatoka kama jasho! Osha tena. Ziba tundu la mtutu na chemba ya risasi, halafu chapa chuma kwa chembe za alumini oksidi zinazosukumwa na kompresa, mpaka kikwaruze kama msasa.

Baada ya hapo usikiguse kwa mkono mtupu. Alama moja ya kidole ni mafuta, na hapo ndipo rangi itakapobambuka. Muulize fundi yeyote wa jua kali anayepaka magari, atakwambia hivyo hivyo.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi: oveni ya jikoni. Aina ya H ya rangi hii huokwa kwa nyuzi 121 kwa muda wa saa mbili, na wapo wanaoona jiko la mama watoto linatosha. Hapana jamani! Mvuke wa kemikali hizo usikaribie mkate wa watoto. Nunua oveni ya kazi hiyo pekee, au tumia aina ya C, inayokauka bila kuokwa. Isubiri siku tano ikomae. Haivumilii mikwaruzo kama ile ya H, lakini kwa mtu wa nyumbani mimi ningeichagua. Na wakati wa kunyunyiza vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali. Kitambaa puani hakizuii chochote.

Tena, kupaka bunduki yako ni sawa huko. Ukianza kupokea za majirani kwa malipo, sheria ya Marekani inakuhesabu fundi bunduki, na leseni ya serikali kuu ni lazima.