Trei za Mayai Hazizuii Sauti, Wasee

Wasee, tuambiane ukweli: zile trei za mayai umebandika ukutani hazizuii kitu. Hata mimi nilidanganyika. Nilizunguka kwa watu wa chapo hapa Majengo nikiomba trei, nikajaza ukuta mzima wa keja. Usiku huo nikarekodi nikijiamini kabisa. Asubuhi shosho wa mlango wa pili akaniita: "Mjukuu wangu, wimbo si mbaya, lakini yale matusi ya katikati utayatoa lini?"

Manze, alikuwa amesikia kila neno.

Shida ni kwamba tunachanganya vitu viwili. Kupunguza mwangwi ndani ya chumba ni kazi moja. Kuzuia sauti isitoke nje ni kazi nyingine kabisa: inataka ukuta mzito na kila upenyo uzibwe. Trei ni karatasi nyepesi. Nasi tunaishi kwenye mabati, ukuta tunagawana na jirani, na juu ya ukuta kuna mwanya. Besi ndiyo sugu zaidi, inapita tu. Keja kama yangu haitawahi kuwa kimya kama studio ya pesa, hata ubandike trei mia.

Na kuna hatari kubwa kuliko kelele. Karatasi kavu ukutani, sponji ya godoro, halafu ekstensheni moja inabeba kompyuta, spika na feni. Sisi ni majirani wa Gikomba, moto tunaujua. Ule wa Juni 2018 uliua watu 15. Hakuna ngoma inayostahili uichomee ploti nzima.

Sasa tufanyeje? Nenda hapo Gikomba utafute mablanketi mazito ya mtumba. Yatundike nyuma yako na kando, kwa sababu maiki inakuangalia wewe na inanasa sauti inayogonga ukuta ulio nyuma yako. Yaweke mbali na nyaya, na ukimaliza uyatoe. Ziba chini ya mlango na nguo kuukuu. Sogea maiki, shubiri moja hivi. Biti isikike kwenye hedifoni pekee. Hivyo vocal inatoka safi, na jirani anasikia sauti yako tu, si besi.

Halafu rekodi mchana. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku kwenye makazi. Hiyo ni kama kunong'ona. Ukipigiwa simu ya polisi saa sita usiku, usiseme unaonewa.

Genge ilikuzwa hapa Eastlands, na Calif Records iko kwenye historia hiyo. Mtaa unaweza kutoa muziki bila kugombana na mtaa wenyewe.

Siku hizi narekodi saa nne asubuhi, shosho akiwa ameenda sokoni. Trei nilijaribu kuzirudisha kwa msee wa chapo. Alizikataa. Zina gundi.