Kibao cha Getini

Kwenye mageti mengi ya mtaa wetu hapa Arusha pameandikwa maneno mawili: "Mbwa Mkali". Wenye nyumba huyaandika kwa fahari kama vile ni cheo. Kibao hicho hata mimi nilikuwa nacho, basi asiniambie mtu kwamba nasema nisiyoyajua.

Ugomvi wangu ni na imani moja tunayorithishana, kwamba mbwa wa ulinzi sharti atengwe na watu tangu utoto. Anafungiwa bandani akiwa wa wiki sita, anasukumiwa ugali na dagaa kupitia tundu, watoto wanakatazwa kumgusa, na wapo wanaomtilia pilipili kwenye chakula. Eti akizoea watu hatakamata mwizi.

Simba wangu nilimlea hivyo. Miaka minne sikupata kumshika masikio. Usiku alibwekea paka, upepo, mikokoteni ya alfajiri, kila kitu. Mwishowe hakuna aliyeamka kumsikiliza, na mwizi akaja akachukua betri ya gari kwa utulivu kabisa. Siku banda lilipoachwa wazi alimwuma mjukuu wangu wa miaka mitano aliyekuwa akikimbilia mpira. Mtoto akachomwa sindano za kichaa cha mbwa, na kovu liko chini ya jicho hadi leo. Wenyeji wakasema kweli mbwa yule ni mkali. Uongo! Alikuwa mwoga, na mwoga yule nilimtengeneza mimi.

Jambo hili limepimwa zamani. Mwaka 1961 Freedman, King na Elliot walichapisha huko Marekani habari za watoto wa mbwa waliokuzwa uani bila kuonana na watu. Waliotolewa mapema walizoea. Wale ambao hawakushikwa na mtu hadi wiki ya 14 walibaki na hofu. Scott na Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walionyesha kwamba umri wa kuzoea huanza kwenye wiki ya 3 na kwisha kama wiki ya 12. Tazama basi: tunawafungia katika wiki zilezile.

Jike nililo nalo sasa lilipozaa watoto sita, sikuwaweka stoo. Niliwaweka kibarazani karibu na jiko. Macho yalipofunguka kwenye wiki ya pili, na masikio muda mfupi baadaye, dunia yetu ilikuwa tayari inawangoja: mfuniko wa sufuria unaoanguka, redio, bibi na mkongojo wake, kijana wa bodaboda na kofia yake kichwani. Watoto wa nyumbani niliwaagiza wakae chini, wasiwanyanyue. Wakati wa kula nilitia mkono sahanini, si kunyang'anya bali kuongeza kipande cha nyama. Kuwapeleka barabarani nilikataa kabla ya chanjo. Wageni ndio waliokuja kwetu. Wala sikumtoa hata mmoja kabla ya wiki nane, maana ndugu ndiye mwalimu wa meno: ukimwuma mno analia, na mchezo umekwisha.

Jirani yangu Mwislamu aliuliza, na ana haki kuuliza, mbwa aliyezoea watu si atamrukia na kumtia najisi? Nikamjibu kwamba anayeruka ni yule asiyefundishwa. Wangu hukaa chini akimwona, naye hupita na kanzu yake safi.

Na mwizi je? Kulinda uwanja huja mbwa anapokomaa, hakuletwi na kifungo. Mama yao amezoea nusu ya mtaa, lakini akibweka usiku mimi huamka, kwa kuwa habweki ovyo.

Watano wamepata kwao pazuri. Wa sita alichukuliwa na kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Wiki hiyohiyo akamtia bandani na kuziba tundu kwa gunia. Nimekwenda mara mbili kumwomba anirudishie. "Mzee," ananiambia, "mwache kwanza apate ukali." Ana watoto wawili wadogo, na mmoja ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Jumamosi ijayo mbwa yule anatimiza wiki 12. Ijumaa nitakwenda tena.