Fidla Yataka Mwalimu

Itajwapo taarabu ya Mombasa, jina la kwanza kutajwa ni la mwimbaji. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, ni nani hapa pwani asiyemjua? Lakini yule bwana aliyeketi nyuma yake, kidevu juu ya fidla, akimjibu mwimbaji kila anaposhusha pumzi, nani amjuaye jina? Shaaban Robert alimwandikia Siti binti Saad kitabu kizima. Cha mpiga fidla mimi sijakiona.

Na kazi yake si ndogo. Shingo ya fidla haina alama ya kuonyesha kidole kishuke wapi. Ukikosea upana wa ukucha, sauti imeharibika. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hufika mahali ambapo kinanda cha umeme cha kawaida hakifiki, kwenye zile sauti za kati na kati za maqam ya rast na bayati. Mafundi wengi wa Misri huzifunga nyuzi zake sol, re, sol, re, wala si sol, re, la, mi kama Wazungu. Mambo haya hayasomwi karatasini yakaingia. Yataka sikio, na sikio lataka mtu wa kulirekebisha miaka na miaka.

Sisi tuliosoma chuoni twalijua hili. Msomaji hodari haulizwi amesoma nini, huulizwa amesoma kwa nani. (Najua wako watakaokereka nikiviweka chuo na fidla mstari mmoja. Hukumu ya ala nawaachia mashekhe. Mimi nasema juu ya namna ya kufundisha tu.)

Wenzetu wa Unguja walikuwa na Ikhwani Safaa tangu 1905, na bado hawakuridhika. Mwaka 2002 wakafungua Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, katika jumba la forodha ya zamani. Mohamed Issa Matona, fundi wa fidla anayejulikana hata ng'ambo, alisomesha pale. Mwaka 2009 Bi Mariam Hamdani akaunda Tausi, kundi la wanawake watupu, na ala wapiga wenyewe.

Sisi je? Mji huu ndio uliomtoa Mbaruk Talsam, mwenzake Siti katika santuri za zamani. Leo harusini huja kijana mmoja na kinanda chake, na fidla imekuwa kitufe cha kubonyeza. Simlaumu mwenye harusi. Kuwalipa watu wanane na kuwalisha pilau si mchezo. Nalaumu kwamba wazee wetu waliondoka na ujuzi wao, wala hatukuwakalisha mwanafunzi mbele yao. Nimeiona fidla Kibokoni imetundikwa ukutani, nyuzi mbili zimekatika. Wajukuu waliniambia ni ya babu yao. Kuifunga, hakuna ajuaye.

Kituo cha Utamaduni wa Waswahili, papa hapa Mji wa Kale, kimewafundisha vijana useremala na ushoni. Basi na kitafutwe chumba kimoja na fidla tano. Mwalimu aletwe kutoka Unguja japo kwa miezi sita, naye alipwe mshahara wa mwalimu, si bahasha ya harusi. Waanze na mtoto wa miaka minane, maana vidole vya ukubwani ni vigumu. Hao wajukuu wa Kibokoni, mdogo wao ana miaka saba.